INJINI MPYA KATIKA GARI LA ZAMANI: MAMBO YA KUPIMA KABLA FEDHA YA WANACHAMA HAIJATUMIKA

(Mazungumzo mbele ya wajumbe wa bodi, makatibu na madereva wa vyama vya msingi, Kilakala, Morogoro)



Mtu akisimama hapa Kilakala asubuhi na kuinua macho, huiona milima ya Uluguru imesimama juu ya mji kama ukuta. Mji uko kwenye kimo cha mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilele vya milima hiyo hupita mita 2,000. Kati ya vimo hivyo viwili ndimo yanamotoka mazao: ndizi, matunda na viungo vya upande wa Kinole na Matombo, viazi, kabichi, karoti na njegere za upande wa Mgeta. Mengi ya mazao hayo hayangoji. Kabichi iliyokatwa leo ikikaa siku tatu kando ya njia kwa kukosa usafiri, mkulima huiuza kwa bei ya kutupa, au huwapa mifugo. Kwa hiyo, kwa mkulima wa mlimani, gari la chama ni sehemu ya shamba kama lilivyo jembe.

Gari lililozoeleka katika njia hizo kwa miaka mingi ni Land Rover, na zile za zamani bado zinaonekana, nyingine zikifanya kazi na nyingine zikiwa zimesimama juu ya matofali. Pale injini inapochoka huzuka hoja katika mkutano: je, injini ile ile ifufuliwe, au ing'olewe na kufungwa nyingine ya kisasa yenye nguvu zaidi? Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake laweza kuwa ndiyo. Lakini jibu hilo lapasa litokane na kipimo cha gari zima pamoja na hesabu ya chama. Sifa za injini zinazosemwa gereji hazitoshi.

ASILI YA GARI LENYEWE

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Aliyeibuni ni Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, aliyekuwa akitumia gari la kijeshi la Jeep katika shamba lake kwenye kisiwa cha Anglesey. Wakati huo, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma cha pua na cha bati kilikuwa adimu Uingereza. Hivyo bodi ya gari ikatengenezwa kwa aluminiamu, na chini yake ikawekwa chasisi ya chuma.

Jambo hilo la historia lina maana kubwa kwa mnunuzi wa leo. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Gari la miaka 50 laweza kuonekana zima kwa nje, likapakwa rangi likang'aa, ilhali chasisi yake imeliwa kwa ndani. Kabla ya neno lolote kuhusu injini, fundi na aingie chini ya gari na nyundo ndogo, agonge chasisi kutoka mbele hadi nyuma, hasa mahali springi zinaposhikiliwa. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti ya kufa na magamba hudondoka. Chama kisifunge injini ya thamani juu ya chasisi iliyooza.

Toleo la tatu la magari hayo, ambalo wengi hapa wanalifahamu, lilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Injini zake za kawaida za silinda nne zilikuwa na ujazo wa lita 2.25, za petroli na za dizeli. Ile ya dizeli ilikuwa na nguvu ya farasi 62 tu. Ilikuwa imara na mnyonge kwa pamoja: haikuharibika upesi, lakini yenye mzigo katika mwinuko ilipanda kwa gia ya pili ikilalamika. Tena injini isiyo na tabo, yaani ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, hupoteza nguvu kadiri inavyopanda. Kwa kila mita 1,000 za kimo hewa hupungua kwa takriban sehemu moja ya kumi, na nguvu ya injini hupungua nayo. Gari linalotoka mjini kwenda juu Mgeta hudhoofika pale pale panapodaiwa nguvu zaidi.

INJINI ZINAZOFIKIRIWA

Mafundi hufikiria njia tatu. Ya kwanza ni kuifanyia ovahoo injini ya asili: kuchonga silinda na kranki shafti, kuweka pistoni, ringi na bushi mpya. Nguvu haitaongezeka, lakini hakuna kitakachobadilishwa mahali pengine katika gari.

Njia ya pili ni kufunga injini ya ukoo ule ule iliyokuja baadaye. Inayosifiwa zaidi ni ile iitwayo 200Tdi, iliyoanza kufungwa katika magari ya Discovery mwaka 1989 na Defender mwaka 1990. Ni dizeli ya lita 2.5 yenye tabo na kipozea hewa. Katika Discovery ilitoa nguvu ya farasi 111, na nguvu yake ya kuzungusha shafti inakaribia mara mbili ya ile ya dizeli ya lita 2.25. Kwa kuwa imezaliwa katika ukoo ule ule, huungana na giaboksi ya zamani kwa marekebisho machache. Ndiyo sababu hata wapenzi wa magari hayo huko Uingereza wameifunga mara nyingi.

Njia ya tatu ni injini ya kabila jingine, hasa za Kijapani. Nchini Tanzania Toyota 1HZ ya dizeli, silinda sita na lita 4.2, iliyoanza kutolewa mwaka 1990, inajulikana kwa ustahimilivu, na vipuri vyake hupatikana. Lakini ni ndefu na nzito. Rejeta itasogezwa mbele, springi za mbele zitaelemewa, na injini haitashikana na giaboksi ya Land Rover bila bamba maalumu la kuunganishia. Au giaboksi yake nayo ifungwe, na propela shafti zikatwe upya na kusawazishwa.

Wapo wenye kusema kwamba kuchanganya makabila ni kosa. Historia inaonyesha vinginevyo. Miaka ya 1980 kampuni iliyounganisha Land Rover huko Australia ilifunga kiwandani injini ya dizeli ya Isuzu, aina ya 4BD1 yenye lita 3.9, kwa sababu wakulima wa huko walidai nguvu zaidi. Hata hivyo, wahandisi hao hawakuiunga injini hiyo na giaboksi ya kawaida ya gari lile. Waliweka giaboksi nzito zaidi iliyokuwa ikitumika katika Range Rover. Walijua kwamba nguvu ikiongezwa mahali pamoja, kila kiungo kinachofuata hupata mzigo mpya.

NJIA YA NGUVU MPAKA KWENYE GURUDUMU

Nguvu hutoka kwenye injini, hupita klachi, giaboksi, propela shafti, difu na mihimili ya ekseli, ndipo ifike kwenye gurudumu. Kila kimoja kilipimwa kiwandani kwa injini ya asili. Kiungo kilicho dhaifu kuliko vingine ndicho kitakachokatika, na aghalabu kitakatika siku ya mvua, gari likiwa limebeba mzigo na gurudumu moja limezama kwenye tope, dereva akikanyaga mafuta kwa hasira.

Katika Land Rover za zamani hapo pana hatari ambayo madereva wengi hawaielewi vema. Breki ya mkono ya gari hilo haishiki magurudumu moja kwa moja. Hushika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi kwenda kwenye ekseli ya nyuma. Mhimili wa ekseli hiyo ukikatika, breki ya mkono huwa imeshika shafti isiyofungamana tena na gurudumu. Gari lililoegeshwa kwenye mteremko laweza kuanza kurudi nyuma, na dereva amekwisha shuka. Kwa hiyo gari lililoongezewa nguvu liwe na magogo au vigingi vya kuzuia magurudumu wakati wote, na dereva afundishwe kutumia nguvu hiyo kwa kiasi. Gia nzito ya mlima ipo ili itumiwe.

Pana pia ushauri wa kuigwa kwa tahadhari. Huko Ulaya wengi wanaofunga injini ya 200Tdi hubadili na difu, wakaondoa ya asili yenye uwiano wa 4.7 na kuweka ya 3.54, ili gari liende kasi kwenye barabara kuu. Hesabu ni rahisi: badiliko hilo hupunguza nguvu ya kupanda kwa robo moja katika kila gia. Anayesafiri kwenye lami tambarare atafurahi. Chama kinachopanda Mgeta au Kinole kitakuwa kimenunua nguvu kwa mkono mmoja na kuigawa kwa mkono mwingine. Difu ya asili na ibaki.

BREKI KABLA YA MWENDO

Nguvu ya kupanda hununuliwa kwa furaha, lakini gari lililopanda litashuka, na litashuka na mazao pamoja na watu. Hapo ndipo jambo moja dogo huweza kuleta msiba.

Land Rover nyingi zina busta ya breki, ambayo humsaidia dereva kukanyaga. Busta hufanya kazi kwa ombwe, yaani upungufu wa hewa. Injini ya petroli hujitengenezea ombwe yenyewe kwa kuvuta hewa kupitia kabureta iliyobanwa, na mpira mmoja huunganisha injini na busta. Injini ya dizeli huvuta hewa bila kubanwa, hivyo haina ombwe hilo. Hapana budi iwe na pampu yake. Katika 200Tdi pampu hiyo imo kwenye injini. Katika injini nyingi za Kijapani imefungwa nyuma ya olteneta. Chama kikinunua injini ya mtumba isiyo na olteneta yake, kisha fundi akafunga olteneta yoyote aliyo nayo, taa zitawaka na betri itapata chaji, lakini gari litakuwa limepoteza msaada wa breki. Kwenye uwanja wa gereji dereva hataona tofauti kubwa. Ataiona kwenye kona ya tatu ya mteremko, pedali imekuwa ngumu kama jiwe.

Kipimo chake hakihitaji chombo chochote. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Uache mguu hapo juu ya pedali, kisha uwashe injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposhuka, gari lisitoke getini. Kila katibu aweza kujifunza kipimo hicho kwa dakika moja, na ni wajibu wake kukishuhudia kabla hajatia saini ya kupokea gari kutoka kwa fundi.

Breki zenyewe za magari hayo ni za dramu, na dramu zilizopata joto kwa kukanyagwa mfululizo hulegea. Injini yenye nguvu humshawishi dereva kupakia zaidi na kukimbia zaidi. Bodi iweke kiwango cha mzigo kwa maandishi, kisizidi kile cha mtengenezaji wa gari, maana kufunga injini kubwa hakuongezi hata kilo moja katika uwezo wa breki, springi wala chasisi.

JOTO NA USAFI WA MAFUTA

Injini kubwa hutoa joto zaidi. Rejeta ya zamani iliyozibwa na kutu haitatosha. Izibuliwe au ibadilishwe, na feni iwe na kizuizi chake ili hewa ipite ndani ya rejeta. Tangi lililokuwa na petroli lisafishwe kabla ya kutiwa dizeli, na chujio la kutenganisha maji lifungwe, kwa kuwa maji machache huweza kuharibu pampu na nozeli ambazo bei yake ni kubwa. Injini ya 200Tdi pia huendeshwa na taimingi belti. Ukanda huo ukikatika, vali hugongana na pistoni. Anayenunua injini ya mtumba abadilishe ukanda kabla ya kuiwasha kwa kazi, na tarehe iandikwe.

HESABU YA KIJIJI: PIMA KWA LITA

Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo hesabu itakayodumu ni ile inayopimwa kwa lita. Huu ni mfano tu. Kila chama kiweke tarakimu zake kutoka katika daftari la safari.

Tuseme gari la petroli lenye mzigo mlimani linatumia lita 20 kwa kilometa 100, na baada ya kufungwa dizeli ya kisasa litatumia lita 13. Akiba ni lita 7. Gari likifanya safari tatu kwa juma, kila safari kilometa 100 kwenda na kurudi, kwa majuma 50 litakwenda kilometa 15,000. Zamani lingetumia lita 3,000; sasa litatumia lita 1,950. Akiba ya mwaka ni lita 1,050.

Sasa ikusanywe gharama yote ya kubadili: injini, bamba la kuunganishia, vishikizo, rejeta, mipira, ekzosi, ujira wa fundi, ada za kadi, hata kodi ya gari la kukodi wakati la chama liko gereji. Jumla igawanywe kwa bei ya lita moja. Jibu likiwa lita 4,200, gharama itarudi kwa miaka minne. Lakini chama ambacho gari lake hufanya safari moja tu kwa juma litakwenda kilometa 5,000, na akiba ni lita 350. Chama hicho kitangoja miaka 12.

Ikiwa injini ya zamani imekufa kabisa, haki ni kulinganisha tofauti. Ovahoo ikigharimu sawa na lita 1,400, tofauti ni lita 2,800. Chama cha safari tatu kitaifidia kwa miaka miwili na miezi minane. Chama cha safari moja kitahitaji miaka minane. Fundi yule yule na injini ile ile huleta faida kwa chama kimoja na hasara kwa kingine. Asiyekuwa na daftari la safari hawezi kujua yeye yuko upande upi.

DAFTARI NA SHERIA

Kadi ya gari huonyesha namba ya chasisi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa, Mamlaka ya Mapato Tanzania ijulishwe ili kumbukumbu zirekebishwe, na kampuni ya bima nayo iarifiwe. Injini ya mtumba inunuliwe kwa risiti inayotaja namba yake. Injini isiyo na asili inayojulikana yaweza kuwa ya wizi, na siku ya ajali bima itauliza maswali ambayo chama hakitaweza kuyajibu.

Ndani ya chama, matumizi hayo yawe katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Ikiwa ni kwa mkopo, uwe ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa. Uamuzi wa mwenyekiti na dereva wakiwa gereji si uamuzi wa chama, hata kama nia yao ni njema.

Kisha liko swali ambalo mkaguzi huuliza na ambalo mara nyingi hufuatiwa na kimya: injini ya zamani iko wapi? Ile ni mali ya wanachama. Ina kranki shafti, silinda hedi, pampu na olteneta ambavyo bado vina bei. Isigeuke kuwa bakhshishi ya fundi. Iingizwe katika daftari la mali, ihifadhiwe, au iuzwe kwa ushindani na fedha ikatiwe stakabadhi. Thamani yake yaweza kupanda kuliko inavyodhaniwa. Utengenezaji wa Defender ya asili ulikoma huko Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, na Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha katika tamasha la magari hayo. Wapo watu wanaotafuta gari lenye injini yake ya asili na kulilipia zaidi.

Wazee wa ushirika wanakumbuka kwamba vyama vikuu vilivunjwa Mei 1976, kisha sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu virudi. Mabadiliko ya namna hiyo yanapotokea, gari lenye karatasi zake hupata mwenyewe, na lisilo na karatasi huwa la aliyelishika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUJIBIWA KABLA YA KUPIGA KURA

Bodi inayotaka kubadili injini na isomewe maswali haya mbele ya wanachama, na majibu yaandikwe katika muhtasari:

1. Je, chasisi imekaguliwa, na fundi ametia saini?
2. Gari lilikwenda kilometa ngapi mwaka uliopita, kwa lita ngapi?
3. Gharama yote ya kubadili ni lita ngapi, na ya ovahoo ni lita ngapi?
4. Klachi, giaboksi na ekseli vitaweza kubeba nguvu mpya?
5. Pampu ya ombwe ya breki iko wapi, na nani atashuhudia kipimo?
6. Vipuri vya injini hiyo vinapatikana Morogoro, au ni mpaka Dar es Salaam?
7. Kadi na bima vitarekebishwa lini?
8. Injini ya zamani itawekwa wapi, na chini ya mamlaka ya nani?

Chama kitakachojibu yote manane kwa tarakimu na saini kibadili injini yake bila hofu. Gari litapanda vizuri, na litashuka salama. Chama kitakachokwama kwenye swali la pili kirudi kwanza kufungua daftari la safari, kiandike kwa miezi mitatu, ndipo kirudi mkutanoni. Gharama ya daftari ni ndogo kuliko ya gasketi moja.

Mwanachama wa Nyandira anayepakia magunia yake alfajiri haulizi gari lina nguvu ya farasi wangapi. Anauliza kama litafika, na kama mwanawe aliyepanda juu ya magunia hayo atarudi jioni. Hilo ndilo swali ambalo bodi imechaguliwa kulijibu.